Anayegonga Upande wa Kulia

Kigari cheupe cha kliniki kilivutwa na magurudumu ya mbele, hivyo watu wa Mtawanya walisema kinakwenda kama mbuzi anayeburutwa: kichwa kwanza, matako yatajijua. Tangu dereva wake Josephu afariki kwa homa, kilianza kugonga. Ko, ko, ko, kila kikikata kona ya kushoto, na sauti ikitoka kulia, upande wa dereva. Gaudensi, dereva mpya, alikiendesha wiki moja tu, akaurudisha ufunguo.

"Ndugu Saide," alimwambia fundi, "mimi niliajiriwa kubeba wauguzi. Kubeba marehemu hatukuandikiana."

"Marehemu hali, hanywi, hachafui kiti. Abiria gani bora kuliko huyo?"

Gaudensi hakucheka. Kesho yake Nesi Rozalia alitakiwa kufika Kitaya na chanjo ya surua, ugonjwa ambao tayari ulikuwa umezika watoto kijiji cha jirani. Gari jingine halikuwapo.

Saide alikipeleka kigari uwanjani, akaukata usukani wote kushoto, akazunguka huku akikanyaga mafuta. Ko-ko-ko-ko! Akakata kulia: kimya. Akanyoosha: kimya, wala usukani haukutetemeka. Ingekuwa beringi, ingevuma hata kwenye njia iliyonyooka. Akapiga jeki. Mpira unaofunika jointi ya ekseli ya kulia, nyuma ya gurudumu, ulikuwa umechanika. Grisi ilikwishatoka, mchanga wa Ruvuma ukaingia na kuzila gololi.

"Huyu hapa mzimu wenu," akasema. "Hata mguu hanawi."

Alikuwa bado chini ya gari alipoona miguu ya Esperanca, mjane wa Josephu.

"Shemeji, nasikia unalinyamazisha."

Saide akatoka, akajifuta mikono. Alilijua jambo lenyewe, mtaa mzima ulilijua. Josephu akitoka safari, kwenye kona ya nyumbani kwake alikuwa akitoa mkono dirishani na kugonga mlango kwa pete, mkewe ateleke maji ya kuoga. Tangu gari lianze kugonga lenyewe, Esperanca aliendelea kuteleka.

"Liache, shemeji. Ndiyo salamu pekee niliyobaki nayo."

"Jointi ikivunjika, watabaki porini, nesi na chanjo zake."

Esperanca akalitazama gurudumu. "Mdogo wangu Joana yuko Kitaya na mwanawe," akasema. "Mtoto hajachanjwa." Akaondoka bila kuaga.

Vipuri vya nje miaka ile vilikuwa vya kusimuliwa tu. Saide akafanya ujanja wa mafundi: ekseli ya kulia akaihamishia kushoto, ya kushoto akaileta kulia, ili gololi zisukume upande ambao haujalika. Akaziba mipira, akajaza grisi. Hakumwambia mtu.

Alasiri alilijaribu gari hadi kwenye kona ya Esperanca. Likapinda kushoto laini kama ulimi wa mposaji. Kimya kabisa. Saide alianza kupiga mluzi.

Esperanca alikuwa amesimama mlangoni, ndoo mkononi.

"Shemeji, leo mbona kagonga upande wa kushoto?"

Mluzi ukamfia mdomoni. "Nani kagonga?"

"Siku zote hugonga kulia. Leo kushoto. Amempisha Gaudensi kiti?"

Saide akashuka. Akalitikisa gurudumu la kushoto, akapapasa jointi. Halikucheza hata kidogo. Akapinda kona ile tena, vioo wazi, masikio yamemsimama. Hakusikia kitu. Esperanca alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Asubuhi Nesi Rozalia aliketi nyuma na kikasha chake cha barafu. Gaudensi, aliyekabidhiwa tena ufunguo, akauliza, "Limepona?"

"Limepona."

"Na Josephu?"

"Hayumo kwenye vyuma nilivyofungua."

"Hilo silo jibu, ndugu. Basi panda, twende wote. Usipopanda, mimi sigusi usukani."

Saide akamtazama nesi, akatazama kikasha cha barafu kilichoanza kutoa jasho. Akazunguka hadi mlango wa abiria, ule wa kushoto. Mkono ukafika kwenye kitasa, ukasita. Kisha, mbele ya Gaudensi aliyekuwa akimcheka, fundi Saide akapiga hodi.

Hakuna aliyecheka. Wote wanne walisubiri kidogo, kisha akafungua.

Wote watatu, alijisahihisha Saide akiketi ukingoni mwa kiti. Wote watatu.