Minyanya Yenye Adabu

"Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe," mjukuu alitangaza, amesimama juu ya kigoda na mwiko kifuani kama fimbo ya enzi, "leo nafungua rasmi Shamba Kuu la Ghorofa ya Nne, litakalolisha taifa letu na mataifa jirani!"

Shamba lenyewe lilikuwa ndoo nne za rangi zilizotobolewa chini, zimepangwa kando ya dirisha la sebule, kila moja na mche wa mnyanya usiozidi kidole. Bibi, mwananchi pekee aliyehudhuria, alipiga makofi mawili, kisha akamwomba mheshimiwa ashuke kabla hajavunja kigoda. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Waziri.

Waziri alikuwa kwenye likizo ndefu kutoka shule ya bweni, alikojifunza jiografia, kutandika kitanda, na namna ya kulia kama kuku darasani bila midomo kutikisika. Lakini shamba hili halikuwa mzaha. Bibi alikuwa ameletwa mjini baada ya magoti yake kugoma. Mwanamke aliyelima maisha yake yote sasa alishinda akitazama ukuta wa jengo la pili, akimuuliza kila apitaye kama kuna kazi ya kufanya. Miche ile ilimrudisha shambani. Aliamka mapema, akatia vidole kwenye udongo, akaisema minyanya kama wakwe wavivu.

Minyanya ikapanda, ikapita kizingiti cha dirisha, ikatoa maua ya njano. Kisha maua yakapukutika. Yakaja mengine, nayo yakadondoka makavu, bila hata tunda moja la kudanganyia macho.

"Maua tunayo, mboga hatuna," alisema Baba, akiyasogeza kwa ncha ya kiatu. "Mama, kochi jipya linaletwa mwisho wa mwezi ujao, na mahali pake ni hapo dirishani. Minyanya hii isipozaa, inashuka jalalani."

Bibi aliokota ua moja kavu. "Shambani sikuwahi kuona mnyanya uliogoma hivi," alisema taratibu. "Labda huku juu si mahali pa kitu kuzaa."

Jioni ile hakumwagilia. Alikaa na mikono mapajani, kama majembe yaliyorudishwa stoo. Waziri akaiona mikono ile, na usiku ule akapekua makabati yote akitafuta dawa ya mimea.

Dawa hakuwa nayo. Alikuwa na uzi. Kesho yake akaifunga minyanya mitatu, wa nne uzi haukuufikia, kisha akaupitisha uzi wenyewe nyuma ya pazia na kujibanza huko. Baba, akirudi kutoka kazini, hakukosa kamwe kuisema minyanya.

"Wavivu nyinyi," alianza, akivua viatu. "Mnakula mbolea ya watu bure."

Minyanya ikainama. Ikainuka. Ikainama tena.

Baba akaganda na kiatu mkononi. "Mama! Umeona?"

"Nimeona," alisema Bibi, na kicheko kikamponyoka, kile cha zamani cha kutikisa mabega. "Inakuitikia. Ina adabu kuliko wewe ulipokuwa mdogo!"

Kwa ajili ya kicheko kile Waziri hakuacha. Kila jioni Baba alifoka, minyanya ikaitikia, Bibi akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Baba naye akaanza kuwahi nyumbani, hotuba ikiwa imeshaiva kichwani.

Hadi asubuhi moja Bibi alipopiga kelele: "Njooni!"

Pale ua liliponyauka palikuwa na kitu cha kijani, kidogo kama njegere. Kando yake kingine. Kwenye tawi la juu, vitatu. Bibi alihamisha macho kutoka ndoo hadi ndoo, magoti yameshasahauliwa.

Wabeba kochi walipofika, matunda yalikuwa mekundu, na Baba aliwasimamisha mlangoni na mzigo wao mabegani.

"Siri ni ukali," aliwafundisha, kifua mbele. "Mmea ukiogopa, unazaa. Tazameni. Nyinyi! Mnanisikia?"

"Mzee, kochi ni zito..."

Minyanya ikaitikia. Lakini jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani, na uzi ukang'aa. Bibi akaushika, akaanza kuuvuta polepole kama avutaye ndoo kisimani. Nyuma ya pazia kikatoka kidole, kisha mkono, kisha Waziri mzima, amefumba macho.

"Ni mimi," alisema. "Sikujua itazaa. Nilitaka Bibi acheke tu."

Bibi aliinamia ndoo ya nne, ile ambayo uzi haukuifikia. Maua makavu, tunda hakuna. Akaligonga ua bichi kwa ukucha, na unga wa njano ukamdondokea kiganjani. Akatazama dirisha lililofungwa.

"Kumbe," alinong'ona. "Maisha yangu yote kazi hii ya kuyatikisa maua yazae ilifanywa na upepo, nami sikuwahi hata kuushukuru." Akamkabidhi Waziri uzi. "Funga na huu wa nne."

"Mzee, tuliweke wapi?"

"Popote, ila si dirishani," alisema Baba. Kisha akageuka, kidole hewani. "Ngoja kwanza. Jioni zote hizi nilikuwa namhutubia nani?"

"Mimi, Baba," Waziri alikiri. "Na nilikubali kila neno."