Uzi wa Panya wa Mianzi

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unamnasa panya wa mianzi, unambandika mgongoni kifurushi kidogo cha uzi mweupe unaofumuka kadiri anavyokimbia, kisha unamwachia. Asubuhi unaufuata uzi mpaka shimoni kwake. Mzee Tan, mtafiti wa wanyama, aliifanya kazi hiyo miaka ishirini katika misitu ya kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, na hakuwa na desturi ya kutazama mbele. Macho chini, uzi unazungushwa kiganjani, na mdomo hautulii.

"Huyu kaoa mbali!" alimwambia Fu Ahua, mwanamke wa kabila la Li aliyemwandikia vipimo. "Mita mia mbili na bado anapanda! Huko ukweni wamempikia nini?"

Ahua hakucheka. Uzi ulikuwa unaelekea kwenye mgongo wa mlima alikowindia kaka yake, Deqing.

Deqing alitandaza huko waya wa umeme, uliounganishwa na betri na mashine ya kukuza nguvu yake. Nguruwe mwitu akiugusa, amekwisha. Ahua alijua siku nyingi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani ataanika maradhi ya kaka aliyemlea? Akisema, Deqing anakwenda jela. Tena kaka ameapa kwamba huuzima kila alfajiri, na sasa ni saa tatu, jua limekwisha kuwaka. Basi akayameza maneno, wakazidi kupanda.

Mzee Tan alipiga ukelele mfupi. Akakakamaa, akauangukia waya, miguu ikawa inapiga majani. Harufu ya nyama inayoungua ikatanda.

"Deqing! Zima! Zima!"

Deqing alitoka kwenye mianzi na panga, usingizi ungali machoni. Alimtazama mzee, kisha akarudi nyuma akasimama mbele ya betri.

"Zima, kaka! Mtu anakufa!"

"Akipona, mimi nimekwisha."

"Una wazimu wewe?"

"Tunamzika hapa hapa. Unajitia kushangaa nini? Wewe si ulijua?"

Neno hilo lilimchoma Ahua kuliko panga. Alimrukia. Panga lilimpasua mkono mpaka mfupa ukaonekana, asisikie. Aliokota jiwe, akampiga nalo mdomoni; meno yakatoka. Deqing alianguka, naye akaendelea kupiga, taya, sikio, bega, akilia kwa sauti, mpaka kaka akaacha kujikinga. Ndipo akazing'oa nyaya kwenye betri.

Alimkandamiza mzee kifua mara mia na zaidi. Mbavu zilivunjika chini ya viganja vyake. Mzee Tan hakuvuta pumzi.

Deqing alitema damu. "Nisikilize, mdogo wangu," alisema kwa taabu. "Hukujua kitu. Umenisikia? Nitasema hivyo mpaka nife."

Na kweli alisema hivyo. Polisi walioitwa na Ahua walipofika, kabla hata ya kuulizwa, alinyoosha mikono afungwe pingu.

"Waya ni wangu peke yangu. Dada yangu hakujua."

Ofisa aliandika, akamgeukia Ahua aliyekuwa akifungwa bandeji. Ofisa mwenyewe alikuwa amechoka, akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, mama. Na wewe umeponea chupuchupu."

Ahua aliutazama uso wa kaka yake, jinsi alivyouharibu, na macho yaliyomsihi anyamaze tena, mara hii tu.

"Nilijua," alisema. "Ningemwambia mzee asimame, angesimama."