Maziwa ya Mzee Yakobo

Katika kutangatanga kwangu nimelazwa hospitali nyingi, lakini ile ya Kyela, miaka michache baada ya vita vya Hitla, haijanitoka. Nilianguka na gunia la mpunga, nikavunjika paja. Wakanilaza chali, mguu umefungwa kamba iliyopita juu ya kigurudumu, na mwisho wa kamba wakaning'iniza jiwe. Kushuka kitandani sikuweza.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Yakobo wa Mwaya. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wote wa kulia. Ulimi hausemi, koo halimezi. Hata uji mwepesi ulimpalia mpaka macho yakageuka. Basi Andrea, dresa wetu, yaani muuguzi wa pekee wa wodi, akampitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, akaubandika plasta shavuni. Chakula chake kikawa maziwa, yai bichi na sukari, vimechujwa kwa kitambaa, vinamiminwa kwa faneli polepole, kidogo kidogo mchana kutwa.

Mpishi alikuwa mkwewe, Tusekile, ambaye mumewe alikuwa akichimba shaba Rodeshia. Alikoka moto nyuma ya wodi, akaweka sufuria dirishani huku amegeuza uso. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana hamtazami baba mkwe, haingii alimo, wala jina lake halitamki, na baba mkwe naye humkwepa vivyo hivyo. Walikuwa Wakristo wa siku nyingi, lakini hilo halikuondoka na ubatizo.

"Kaka wa jiwe," aliniita kutoka nje, "amekula?"

"Amekula kuliko mimi."

"Hilo siamini. Andrea anasema sahani yako haihitaji kuoshwa."

Ndipo ukaja uvumi wa ndui. Gari la daktari likaja kumchukua Andrea, avushwe kwa boti ya serikali akachanje watu ng'ambo ya mto Mbaka. Wagonjwa wenye miguu wakakimbia, na mfagiaji akawafuata. Andrea alisimama dirishani na begi lake.

"Utamlisha wewe, mama. Hakuna mwingine."

"Wako ndugu zake wanaume."

"Wako ng'ambo, na mto umefurika."

"Siwezi, Andrea. Ni baba mkwe."

"Kwetu Songea mkwe humlisha mkwe, na hakuna aliyekufa."

"Kwenu," alisema Tusekile.

Gari likaondoka. Mchana maziwa yalikaa dirishani mpaka yakaganda utando. Midomo ya mzee ilikauka, ikaanza kupasuka. Nilinyoosha mkono kuelekea faneli. Vidole havikufika, na mfupa ukasagika nikaona giza. Niliita watu. Wodi nzima ilinirudishia sauti yangu.

Alasiri Tusekile aliingia. Alikuwa amejifunika nguo kichwa kizima hadi kiunoni, haoni kitu, amekumbatia sufuria mpya yenye maziwa ya vuguvugu.

"Kaka, uwe macho yangu."

Nikamwongoza. Njoo mbele. Kushoto. Hapo ni ukingo wa kitanda. Mpira uko karibu na mto, shusha mkono. Akaushika, akapachika faneli.

"Inua juu zaidi. Sasa mimina, taratibu."

Maziwa yakaanza kushuka. Nilifurahi kama mtoto. Mzee alikuwa amefumba macho tangu alipomsikia akiingia, na chozi lilikuwa likimtoka. Kisha nikaona mkono wake wa kushoto, ule mzima, unapanda kifuani.

"Tata," nikamwambia, nikimwita baba kwa Kinyakyusa, "acha. Nakuomba, uache."

"Anafanya nini?" Tusekile akauliza.

Mkono ulifika shavuni, ukabandua plasta. Akauzungusha mpira kidoleni akauvuta, bila haraka, mpaka ncha ikatoka ikidondosha maziwa. Akageuza uso ukutani. Mpira ule hakuna aliyejua kuurudisha ila Andrea, na Andrea alikuwa ng'ambo ya maji.

Tusekile alikuwa bado ameinua faneli juu, kama nilivyomfundisha.

"Yanashuka, kaka?"

Maziwa yalitambaa kwenye shuka, yakamdondokea miguuni. Aliposikia uvuguvugu ule alishusha mkono, nguo ikipanda na kushuka kwa pumzi zake. Kisha akaiweka faneli chini, akatoka kinyumenyume, akipapasa ukuta.

Haukupita muda nikasikia nyuma ya wodi anavunja kuni, anachemsha maziwa mengine.