Kigingi cha Mwenyekiti

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, na Barnabas wa kijiji cha Wema aliianza kwa furaha, jambo lililomuuma baadaye kuliko hasara yenyewe. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kanisani, ametia mfukoni namba ya fundi wa boti wa Kipini, na amepanda pikipiki kwenda Garsen akijua kwamba hisa za kikundi zimeshauzwa. Alijuaje? Kwa sababu walikubaliana. Bei ikigusa mstari, uza. Wiki iliyopita alisikia bei imegusa mstari. Basi zimeuzwa. Mtu aliyeishia darasa la tatu huwaza hivyo: neno likisemwa kanisani mbele ya watu, na mwenyekiti mwenyewe akalipigia makofi, litatendwa.

Christabel, binti wa dada yake, alikuwa na kiduka cha simu karibu na stendi ya Garsen. Yeye ndiye katibu wa kikundi. Alipomwona mjomba wake mlangoni na shati lile jeupe, akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nipe simu nimpigie fundi. Aanze kupasua mbao."

"Kaa kwanza, mjomba."

"Nimekaa juu ya pikipiki tangu Wema, makalio yamekufa ganzi. Nipe simu."

"Hazijauzwa."

Barnabas alibaki ameunyoosha mkono. "Hazijauzwa nini?"

"Hisa. Hazijauzwa hata moja. Na leo asubuhi bei imeporomoka."

Akamgeuzia simu aone. Kwenye kioo palikuwa na ule mchoro wa bei aliouzoea, unaopanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Leo mwisho wake ulikuwa umekatika na kwenda chini moja kwa moja, kama ukingo wa mto Tana uliochimbwa na maji kwa ndani: jana kulikuwa na mgomba hapo, leo hakuna hata udongo wa kusimamia.

Barnabas akakaa. Si kwa sababu aliambiwa akae.

Hisa zile hazikuwa hisa machoni pake. Zilikuwa boti. Tana ikifurika, barabara ya Garsen humezwa na Wema hubaki kisiwa. Mafuriko ya mwaka juzi yalimkuta mkewe Asenath kifua kimembana, hawezi hata kulala chali. Walimbeba hadi juu ya tuta, wakapiga simu. Wakubwa wakasema boti ya injini inakuja. Wakapiga tena. Inakuja. Barnabas na jirani yake Chengo wakamtia kwenye mtumbwi wakapiga kasia mpaka viganja vikachubuka, lakini mkondo uliwarudisha palepale kwenye tuta kama unawacheka. Asenath akafia hapo, blanketi limelowa. Boti ilikuja baada ya mazishi, imebeba mpiga picha.

Tangu siku hiyo Barnabas hakumwamini mtu mwenye cheo, awe wa serikali, wa kanisa au wa maji. Lakini alitaka boti. Boti ya Wema wenyewe, yenye injini, ya kumvusha mgonjwa bila kumbembeleza mtu. Wakaunda kikundi. Embe zikauzwa, mpunga ukauzwa, wajane wakatoa, vijana wakatoa. Fedha zilipokaribia kutosha, mwenyekiti George akaenda semina Malindi akarudi na mdomo mpya.

George alizaliwa Wema lakini ana nyumba ya mawe Garsen na huvaa koti hata jua likipasua mawe. Alisema fedha kulala benki ni uvivu. Zinunue hisa za kampuni moja ya sukari, zizae, halafu ziuzwe kabla ya mvua za vuli. "Tukienda vizuri," akasema, "tutapata boti mbili."

Mkutano ukafanyika kanisani. Christabel, ambaye alijifunza mambo haya kwenye simu yake na kuyajua vizuri, akachora ubaoni. Mlima mdogo, mlima mkubwa, mlima mdogo. "Hii inaitwa bega, kichwa, bega," akasema. "Ukiiona, jua bei imechoka."

"Na tumbo liko wapi?" Chengo akauliza kutoka nyuma. "Maana mimi hapa naona mtu amekatwa kifuani."

Watu wakacheka. Lakini Barnabas hakucheka, maana aliuona mto. Maji ya kwanza, madogo. Kisha maji makubwa. Kisha maji ya mwisho, yanayojaribu kupanda na kushindwa, na baada ya hapo mto hushuka mpaka ukaona mchanga. Akasimama akasema hivyo, na Christabel akafurahi, akasema ndiyo mjomba, ndivyo. Akachora mstari chini ya mabega yote mawili. Bei ikishuka chini ya hapa, tunauza. Hatuombi, hatusubiri, hatusemi labda kesho. Tena akaonya wasitie fedha zote. Watie sehemu, ambayo hata ikipotea boti haipotei.

Hilo Barnabas aliliunga mkono kwa sauti. "Hapa nani hupanda shamba moja? Una la kando ya maji, una la juu, una kidogo kule ziwani. Mto ukichukua hili, unakula lile. Sasa fedha ndizo tuzipande zote pembeni mwa maji?"

"Mzee Barnabas," George akasema kwa upole ule wa watu wa semina, "ukiogopa sana, hupati."

Mikono ikanyanyuliwa. Zikatiwa zote. Mkono wa Barnabas nao ulinyanyuka, lakini nusu.

Kisha mama mmoja mzee akauliza huo mstari ni kitu gani hasa, maana yeye haoni ila chaki. Barnabas ndiye aliyemjibu. "Mama, ni kigingi. Kile changu cha mtoni."

Kanisa zima likaitikia, aah. Kila mtu wa Wema anakijua kigingi cha Barnabas. Mto ukianza kupanda, jioni hukikita pale maji yanapoishia. Asubuhi huenda kutazama. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake. Hata George akapiga makofi. "Kigingi! Naam! Tumeelewana."

Ndipo sasa, dukani kwa Christabel, George akaingia akijifuta jasho, amevaa lile koti lake. Chengo alikuwa nyuma yake. Alikuja Garsen kununua nyavu, akasikia harufu ya ugomvi akaifuata.

"Mwenyekiti," Barnabas akasema bila salamu, "bei iligusa mstari wiki iliyopita."

"Iligusa."

"Mbona hukuuza?"

"Nilisogeza."

"Ulisogeza nini?"

"Mstari. Bei ilipoufikia, nikaushusha kidogo. Ikaufikia tena, nikaushusha tena. Nilikuwa nafuatilia, Barnabas, usidhani nilikuwa nimelala."

Christabel akafumba macho. "Nilikutumia ujumbe, mwenyekiti. Nilikwambia uuze. Namba ya siri unayo wewe peke yako."

"Nani alikuambia mstari unasogezwa?" Barnabas aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda mpaka mteja aliyekuwa akichaji simu akaichomoa akatoka. "Katika semina yako ya hoteli walikuambia hivyo? Nani?"

"Wewe."



"Si wewe uliyesimama kanisani ukasema ni kigingi?" George akaendelea, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesema kweli, jambo lililomuudhi Barnabas zaidi. "Tangu utotoni tunakuona. Maji yakikifikia kigingi, Barnabas hufanya nini? Huking'oa, hukisogeza juu, hukikita tena. Hujawahi kukiacha kikazama. Basi nami nikafanya vilevile."

Chengo akaanza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akageuza kicheko kikawa kikohozi.

"Chengo, unacheka nini?"

"Sicheki, swahibu. Ila jamaa amekushika pabaya."

"Hajanishika popote!" Barnabas akapiga kaunta, vifuniko vya simu vikaruka. "Kigingi nakisogeza nikishahamisha mbuzi! Nikishatoa mbegu ghalani, nikishamwamsha kila mtu upande ule! Maji yakigusa kigingi, kwanza tunahama. Tukishahama ndipo nakisogeza, nijue kama tuhame tena. Wewe umesogeza kigingi, halafu ukarudi kulala kitandani maji yakiwa mlangoni!"

"Hilo la mbuzi hukulisema kanisani."

"Nilisemee nini? Nani Wema asiyejua?"

Hapo George aliinama. Akatazama viatu vyake. Ni miaka mingi tangu ahamishe mbuzi. Nyumba yake ya mawe haijawahi kuhama usiku wala mchana. Barnabas alimtazama akaona ndivyo walivyo wote, wanaokaa pakavu ndio wanaoshika namba ya siri.

Christabel akapiga hesabu. Akasema fedha zilizobaki, zikiuzwa leo, zinatosha boti au injini. Moja kati ya hizo.

"Boti bila injini ni mtumbwi," Chengo akasema. "Mtumbwi ninao."

"Na injini bila boti?" George akauliza.

"Utaivaa juu ya koti."

Hata Christabel alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye mchoro. Akawaonyesha kwa kidole. Bei ikianguka hivi, mara nyingi hurudi juu kidogo kuugusa ule mstari wa zamani kwa chini, kama mtu aliyesahau kofia. Ikigusa hapo, huanguka tena vibaya zaidi. Wakitaka kuokoa kitu, ndipo pa kuuza. Labda wangepata injini na hela ya mbao nusu. Lakini si hakika. Wakitaka hakika, wauze leo.

"Basi uza leo," Barnabas akasema.

"Haraka ya nini?" George akasema. "Nipeni mpaka Ijumaa. Kampuni ni nzuri, itarudi juu. Na mradi hatujauza, hatujapoteza. Walitufundisha hivyo."

Barnabas akamgeukia. "Mwenyekiti, Asenath naye nisingemzika, angekuwa hajafa?"

George akatazama mlango.

"Redio imesema jana," Barnabas akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. "Mabwawa ya huko juu yamejaa. Wakubwa watafungua maji watakapotaka wao, na sisi wa chini tunaambiwa tuhamie nyanda za juu. Nyanda gani? Kwa chombo gani? Toa simu yako, uza."

"Ni fedha za kikundi. Siwezi kuuza kwa hasara bila mkutano."

"Kusogeza mstari uliita mkutano?"

"Ijumaa, Barnabas. Nimesema Ijumaa." Akavuta koti lake likae sawa mabegani, akatoka. Simu yenye namba ya siri ikatoka naye.

Christabel akabaki akiifuta kaunta iliyokuwa safi. "Mjomba, nisamehe. Ilinipasa nimwambie kila mtu mapema."

"Wewe si mwenyekiti," Barnabas akasema. Kwake hilo lilikuwa neno la upole kuliko yote aliyonayo.

Alirudi Wema jua likiwa bado juu. Hakwenda nyumbani kubadilisha shati. Alishuka moja kwa moja mtoni, na kabla hajafika alijua kwa harufu, maana maji mageni yana harufu ya udongo wa mbali. Tana ilikuwa imegeuka nyekundu, inavuta vijiti na povu. Kigingi alichokikita jana jioni pale maji yalipoishia kilikuwa kimesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, kikitetemeka.

Akaingia na viatu vyake vya kanisani. Akakishika. Mikono yake ilikuwa imekwisha kukilegeza, kwa mazoea ya miaka, kabla akili haijafika. Ndipo akakumbuka sauti ya George. Huking'oa, hukisogeza juu. Akakiachia kana kwamba kimemuunguza. Kikabaki pale kimeinama, maji yakikizunguka.

Kache, mke wa mwana wa Chengo, alikuwa akiteka maji kwenye ukingo hatua chache kutoka hapo. Mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo mwanamke huinama kwa upande. Aliweka ndoo chini akamtazama mzee amesimama ndani ya maji na shati jeupe, mikono mitupu.

"Mzee, mbona husogezi kigingi? Si maji yashakipita?"

"Yamekipita."

"Basi boti tayari? Baba Chengo alisema leo mnakwenda kuilipia." Akajishika kiuno, akatabasamu kama mtu asiyetaka kusumbua. "Maana mkunga anasema ni wiki hii au ijayo, na maji haya siyaamini."

Barnabas akatazama upande wa Garsen, kana kwamba George angetokea huko juu ya barabara, na koti lake, anakimbia, simu mkononi. Barabara ilikuwa tupu. Mahali ilipojipinda kushuka bondeni, palikuwa pameanza kung'aa maji.

"Mzee Barnabas," Kache akasema tena, sasa bila tabasamu, "siku yangu ikifika, nitavushwa na nini?"