Mpira Uliomwamkia Hezroni

Jumapili ile Hezroni Mrutu alitoka ibada ya kwanza, akapita nyumbani kubadili shati, akala makande yaliyolala bila kuyapasha moto, kisha akaenda uwanjani kucheza kriketi. Uwanja wenyewe uko nyuma ya ghala kuukuu la mkonge, nje kidogo ya mji wa Same, mahali ambapo upepo ukishuka kutoka milimani huzoa vumbi la wilaya nzima na kulimwaga hapo. Alifunga kinga za miguu, akavaa glavu, akaenda kusimama mbele ya vijiti vyake vitatu, gongo mkononi. Mrushaji wa Moshi, kijana mrefu mwenye mbwembwe nyingi, alikuja mbio akauachia mpira. Mpira ulidunda mara moja, ukamfikia Hezroni usawa wa goti, ukasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Hezroni. Aliinamisha kichwa kidogo kama inavyostahili, na gongo nalo likainama. Mpira ukapita ukaangusha kijiti cha kati.

Mwamuzi, Tumainieli, alikuwa amesikia kila neno. Aliinua kidole, maana kutolewa ni kutolewa. Yule mrushaji aliwaambia wenzake kwamba kule kwao mpira haujawahi kumwamkia mtu, na nahodha wake akamjibu kwamba pengine umefundwa hapa hapa, Wapare wana malezi. Mechi ikaendelea. Same wakafungwa vibaya, wakala pilau pamoja na wageni, wageni wakapanda gari lao wakaondoka.

Mambo hayo yalikuwa yameanza tangu baridi ya Juni, ila Hezroni aliyaficha. Ukweli ni kwamba hata kabla ya hapo alikuwa ameshashuka kiwango. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mipira aliyokuwa akiituma juu ya paa la ghala siku hizi aliitazama ikipita, na watu walisema ni macho, wengine wakasema ni kiuno, na wote walisema hivyo akiwa hayupo. Kisha mpira ukaanza kuamkia, na hapo ikawa basi. Siku moja ya mazoezi alijikaza akakaa kimya, akaupiga bila kuitikia. Ulikwenda vizuri sana, ukavuka kamba inayozunguka uwanja. Lakini jioni hiyo chakula hakikupita, na asubuhi alirudi uwanjani akautafuta kwenye majani ya mkonge mpaka akauona, akauitikia, ndipo akaenda kufungua kibanda chake cha kazi.

Mchezo huo uliletwa Same na meneja mmoja wa shamba la mkonge, Mhindi mpweke, ambaye hakuwa na mtu wa kucheza naye, kwa hiyo akawafundisha makarani na wakata mkonge. Meneja aliondoka zamani, mkonge nao ukapungua, lakini mchezo ukabaki pamoja na kanuni yake moja, ambayo Same waliishika kuliko kanuni zote za kriketi: ndani ya kamba hakuna mzee wala kijana, hakuna shikamoo, kila mtu huitwa jina lake. Ukivuka kamba kwenda nje, heshima unaikuta palepale ulipoiacha.

Mahali pengine popote Hezroni hakuwa na jina. Kwenye kibanda chake cha baiskeli karibu na stendi alikuwa Fundi. Mtaani alikuwa Mzee. Prisca, marehemu mkewe, alimwita Baba Aneth tangu binti yao azaliwe mpaka siku anakata roho, na Aneth mwenyewe, aliyeolewa Dodoma, alimpigia simu kila Jumatano, akatoa shikamoo, akauliza afya, akakata. Waliomjua kama Hezroni walikuwa wamezikwa mmoja baada ya mwingine huku yeye akichangia rambirambi. Lakini ndani ya kamba vijana wa umri wa watoto wake walimpigia kelele bila haya. Hezroni, rudi nyuma. Hezroni, umelala? Mwaka mmoja Sylvester, mpigaji mwenzake, alimwita zuzu mbele ya wageni, na Hezroni alirudi nyumbani siku hiyo akiimba peke yake jikoni.

Ndiyo maana suala la kustaafu lilimtia hofu. Akiacha mpira, jina lake lingebaki kwenye kitambulisho tu.

Baada ya mechi ya Moshi kamati ya timu ilikutana kwenye duka la simu la Rodgers, nahodha, kijana mpole aliyeshindwa kumkatalia mtu yeyote, hata wateja wa mkopo. Hezroni alialikwa. Wote walisimama alipoingia, wakampisha kwenye kiti kizuri. Hakuna aliyetaja mbio alizokosa, zile alama ambazo wapigaji wawili huzipata kwa kuitana na kupishana kati ya vijiti. Walizungumzia jinsi alivyoitumikia timu, wakazungumzia na mvua. Hezroni alisubiri mmoja wao amwambie waziwazi kwamba amekwisha, aache, ili naye apate kubisha, agonge meza, aitwe mkaidi. Alikuwa na hamu ya ugomvi kama mtu mwenye hamu ya chumvi.

"Uamuzi ni wako, mzee," Rodgers alisema mwishowe. "Sisi hatuwezi kukupangia."

Basi Hezroni akaenda kumuuliza dada yake. Honorata alikuwa Vudee, juu milimani, kwenye nyumba waliyozaliwa wote wawili, akitunzwa na jirani, na ndiye mtu pekee aliyebaki duniani ambaye Hezroni alitakiwa kumwamkia. Alipanda gari la asubuhi, akashuka barabara ilipoishia, akamalizia kwa miguu. Penye ndiva, lile bwawa la ukoo linalokusanya maji ya mashamba, watu walikuwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakizoa tope. Waliacha majembe wakamwamkia kwa pamoja. Aliwaitikia kwa pamoja, akapita.

Honorata alikuwa ameketi kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Alimtazama mgeni wake kwa muda mrefu, uso ukamlainika, akajaribu kuinuka.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hezroni aliangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Baba yao alikuwa amelala chini ya migomba tangu Hezroni hajaota ndevu, lakini ni kweli walifanana, hasa masikio. Alifikiri kumsahihisha. Halafu akaona mikono ya dada yake imekunjwa mapajani kwa adabu ya kitoto, ikingoja.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akaketi.

Walipukuchua mahindi pamoja. Honorata alimweleza baba yake habari za ng'ombe ambao hawapo tena. Kisha akauliza Hezroni yuko wapi, mbona hakuja naye. Ilikuwa mwaka mzima, pengine zaidi, tangu Hezroni asikie jina lake likitamkwa kwa upendo, na sasa lilitamkwa akiwepo na halikuwa lake. Alijibu kwamba Hezroni yuko uwanjani, na kwamba ametuma swali, anataka kujua kama aache kucheza.

Honorata alicheka. "Hezroni bado mtoto, baba. Mwache acheze."

Alishuka mlima na neno hilo akalishika, kwa kuwa hakuwa na lingine.

Aliyepata dawa ya mpira alikuwa Tumainieli, mwamuzi, ambaye alilelewa na bibi na aliyajua mambo ya salamu kuliko ya kriketi. Alisema tatizo ni dogo. Mtu ukishamwamkia asubuhi hurudii tena siku hiyohiyo, unapishana naye tu na shughuli zinaendelea. Mpira haukuwa na kosa. Ulikuwa unakutana na mzee kwa mara ya kwanza katikati ya uwanja, ulitarajiwa ufanyeje? Mpelekeeni mpira nyumbani mapema, wasalimiane, wamalizane.

Ikawa hivyo. Kila Jumapili ya mechi, kabla ya ibada, Rodgers alifika kwa Hezroni na mpira mfukoni. Mpira ukaamkia, Hezroni akaitikia, akauuliza umelalaje, ukasema salama, akauuliza habari za mwilini, kwa sababu siku ya nyuma ulipigwa sana, ukasema unashukuru. Baadaye uwanjani ulimjia kimya, macho kwa macho kama wafanyakazi wawili wa zamu moja, naye akaupiga. Mikono ilikumbuka. Dhidi ya Korogwe aliutuma juu ya paa la ghala. Timu ya Tanga ilikuja na warushaji watatu, ikaondoka imenuna. Wauza miwa walianza kuja uwanjani, na kaseti ya zamani ya kwaya ikachezwa kwenye spika wakati wa mapumziko. Hakuna mpigaji wa Same aliyekuwa na mbio nyingi kuliko yeye.

Lakini vijana walikuwa wameuona mpira ukiamkia. Nao pia walikuwa wamelelewa vizuri, na jambo hilo liliwakaa rohoni. Wa kwanza alikuwa Sylvester. Hezroni alikuwa amepiga mpira upande wa reli inayopita kando ya uwanja, na zilikuwepo mbio mbili za wazi. Zamani Sylvester angepiga kelele "Hezroni, njoo". Safari hii alisogea hatua chache, akasita, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee akijisikia anaweza kuja, na kama hajisikii pia si neno. Mpaka sentensi iishe mpira ulikuwa umerudishwa kwenye vijiti, na Sylvester akatolewa nje. Aliondoka akiomba radhi.

Baada yake wakafuata wote. Walimwamkia ndani ya kamba, wakamwokotea kofia, wakampa maji kwa mikono miwili. Alipodondosha mpira wa mikononi kabisa, kosa ambalo hata mtoto angetukanwa kwa ajili yake, walimpa pole ya safari, ingawa hakuwa ametoka popote. Hezroni aliwakusanya akawakumbusha kanuni ya meneja. Walikubali kwa moyo mmoja. Mazoezini Sylvester alijaribu kusema "Hezroni" tupu, akashikwa na kwikwi, na kwikwi ilidumu mpaka alipoongeza "Mzee" mbele yake, ikakatika papo hapo. Wengine walijaribu, ikawa vilevile.

"Mpira wenyewe unakuamkia," Rodgers alimweleza, macho chini. "Sisi ni nani?"

Kwa hiyo Hezroni alisimama katikati ya uwanja, kwenye kiwango bora cha maisha yake, akikusanya mbio moja moja kwa kubahatisha, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwita. Watu walimpigia makofi. Upepo ulivuma. Alijiona yuko mbali na kila mtu, na umbali wenyewe haukupungua hata alipoletewa maji.

Jumapili ya mwisho ya Septemba Moshi walirudi. Rodgers alileta mpira alfajiri kama kawaida, akauacha juu ya meza, akaenda kuamsha wengine. Hezroni na mpira wakabaki wawili sebuleni. Waliamkiana. Walimaliza habari za usiku. Kisha Hezroni akaenda kufunga mlango, akarudi kuketi, akavuta kiti karibu na meza.

"Hapa hakuna mtu," alisema. "Niite Hezroni."

Aliutazama mpira. Ulikuwa mwekundu, umechubuka upande mmoja, nyuzi zimeanza kufumuka.

"Mara moja tu. Sitamwambia mtu."

"Nisamehe, mzee," mpira ulisema, na kwa kweli sauti yake ilikuwa na majonzi. "Sikulelewa hivyo."

Hezroni aliufuta vumbi kwa kidole gumba, polepole, akihakikisha hajaugusa pale palipochubuka. Hakuukasirikia. Aliutia mfukoni, akaenda ibadani, na baada ya ibada akaenda uwanjani, akamkabidhi Tumainieli, kisha akamwambia Rodgers kwamba leo aweke mtu mwingine, na kesho pia, na siku zote.

Alisubiri. Alikuwa ndiye mpigaji wao bora, na Moshi walikuwa wanajinyoosha pale mbele. Mtu yeyote mwenye akili angemshika shati.

"Sawa, mzee," Rodgers alisema.

Akaenda nyuma ya ghala akarudi na kiti cha mbao chenye mikono, kipya, kimepakwa vanishi, na juu ya egemeo kimevishwa kitambaa kilichotariziwa kwa uzi wa kijani: KARIBU MZEE WETU. Alikiweka nje ya kamba, akakigeuza ili jua lisimpige aliyekaa. Vijana wote wakaja wakapanga mstari kumpa mkono. Hezroni aliketi. Kiti kilikuwa kimepimwa vizuri, kilimwenea kabisa. Alipapasa vanishi, akaona imekauka siku nyingi na kushika vumbi kwenye pembe, akauliza kimetengenezwa lini.

Rodgers hakuwa na mazoea ya kusema uongo. Alisema kilitengenezwa mwaka jana, baada ya ligi, mpira ukiwa bado haujasema neno.

"Mwaka jana," Hezroni alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mzee?"

Rodgers aliomba ruhusa, akavuka kamba. Mchezo ukaanza. Warushaji wa Moshi walikuwa wakali siku hiyo, na mipira ilikuja bila kusema kitu. Kwenye zamu ya tatu ya mipira sita mpigaji mpya aliupiga mmoja kuelekea reli, mbio mbili za wazi, na mtu akapaza sauti, "Sylvester, njoo, njoo, zuzu wewe," na Sylvester akakimbia.