Miiba Saba ya Pezi la Kwanza

Mtu akikwambia kwamba Agape binti Tumainieli, mwalimu wa shule ya msingi pale Same, alikosa mume kwa sababu ya samaki, usicheke. Wenzako walishacheka, na waliocheka zaidi walikuwa wamekalia mabenchi ya mbele kanisani.

Tena si samaki wa kuliwa. Afadhali angekuwa wa kuliwa! Alikuwa kijisamaki cha urefu wa kiungo kimoja cha kidole, cha kwenye matumbawe huko baharini, na walikuwa wanne ndani ya chupa ya mdomo mpana juu ya kabati la Mzee Tumainieli. Mzee huyu ni Mpare wa milimani, lakini alifanya kazi pwani miaka ishirini na mitatu, kwenye kituo cha utafiti wa bahari, akiwatia samaki kwenye machupa na kuwabandikia karatasi. Mwaka tisini na mbili watumishi walipopunguzwa, alipewa barua ya kumshukuru na nauli ya kurudi kwao. Akaondoka na chupa moja ambayo hakuna aliyeiulizia.

Samaki hao aliwatoa mwenyewe kwenye tundu moja la tumbawe. Mwaka uliofuata wavuvi wa baruti walilipua pale pote, pakabaki kifusi. Alirudi kutafuta mara tano, asione hata mmoja. Na kitu alichokuwa akikijua yeye, na wakubwa wake wakamwambia aache kuota, ni kwamba ndugu wote wa samaki yule wana miiba sita kwenye pezi la kwanza la mgongoni, na huyu alikuwa na saba. Kwa hiyo alikuwa samaki mpya, ambaye hajawahi kuandikwa na mtu wala kupewa jina.

"Nitamwandika mimi," alisema. "Fundi wa machupa."

Sasa ataandikaje, na macho yote mawili yana mtoto wa jicho? Akaandika kwa macho ya binti yake. Mama alishafariki, nyumbani walikuwa wawili tu. Agape akitoka shule anakaa dirishani na kioo cha kukuzia na pini, anahesabu miiba, anahesabu magamba ubavuni mstari kwa mstari, anapima kichwa, anapima jicho, anachora.

"Hesabu tena."

"Baba, nimehesabu mara kumi na moja!"

"Basi itakuwa ya kumi na mbili. Mtu akipinga, tuwe na la kujitetea."

Alihesabu bila kinyongo, maana moyo wake ulikuwa mweupe siku zile. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao pale mtaani walishaanza kumwita shangazi kabla ya wakati, na hatimaye Sadock, karani wa shamba la mkonge kule chini, alikuwa ameleta washenga. Mahari ilikubaliwa, mbuzi wakaletwa. Kilichobaki ni matangazo ya ndoa kusomwa kanisani Jumapili tatu, kisha harusi.

Maandishi yakakamilika, yamejaa vipimo na picha ya samaki aliyoichora Agape siku tisa. Yalikuwa yaende jumba moja kubwa la makumbusho ng'ambo. Kwenye ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la samaki, mzee alimwambia aache nafasi. Siku ya kuposti alikwenda naye mpaka posta, akaegemea ukuta, akaijaza nafasi ile mwenyewe kwa kupapasa, amefunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi anayeficha jibu. Agape akacheka, akafunga bahasha.

"Wakikubali," mzee alisema wakirudi, "watataka samaki mmoja mzima, akae kwao milele. Jina linasimama juu ya samaki. Samaki akiharibika, tumeandika hewa."

Ndipo chupa ikaanza kukauka. Joto la Same unalijua. Spiriti ilishuka siku hadi siku, mpaka mgongo wa samaki mmoja ukachomoza nje na mapezi yakapukutika. Mzee akaenda hospitali kuomba spiriti. Wapi! Ilikuwa miaka ile ambayo soko lilifurika mitumba, redio na sabuni za kila harufu, na hospitali wakakwambia uje na glavu zako na wembe wako. Muuguzi alimjibu, "Mzee, sisi wenyewe tunasafishia maji ya chumvi."

Basi Mzee Tumainieli, mtu ambaye hajawahi kuonja hata mbege, akapiga moyo konde akaenda kwa Raheli mpika gongo. Raheli akamimina kidogo kwenye kifuniko, akawasha kiberiti, moto wa bluu ukapanda. "Hii ndiyo ya kwanza kutoka, mzee wangu. Haichezewi."

Akachukua chupa mbili, akazificha ndani ya koti. Na nani alikuwa akipita njia ile? Eliufoo, mzee wa kanisa, mwenye kibanda cha mitumba sokoni, mtu ambaye dhambi za wenzake huzijua kuliko bei za mashati yake. Alisimama, akasalimia kwa adabu zote, akaendelea na safari yake.

Jumapili ya kwanza tangazo la Agape na Sadock lilisomwa. Ya pili likasomwa. Jumapili ya tatu zamu ya matangazo ilikuwa ya Eliufoo. Agape alikuwa amevaa gauni la kijani, amekaa na wenzake wa kwaya, anangoja. Eliufoo akasoma mikutano, akasoma zamu za usafi, akasoma ndoa ya wengine wawili, akakunja karatasi. Halafu akaikunjua tena taratibu, kama aliyesahau kitu.

"Ndugu yetu Tumainieli ametengwa na Meza ya Bwana kwa kununua pombe haramu. Mambo yote ya nyumba yake yanasimama mpaka atakapotubu."

Loo! Kanisa zima liligeuka, na hawakumgeukia mzee, walimgeukia Agape na gauni lake la kijani. Nyuma mtu alikohoa ili asicheke. Agape alitazama kitabu cha nyimbo mpaka herufi zikapotea.

Alasiri ile baraza la wazee lilikuja nyumbani, Eliufoo mbele. Mzee Tumainieli akawaeleza, akawashushia chupa, akawaonyesha. Eliufoo akainua chupa kwenye mwanga, akaitikisa samaki wakazunguka, akaifungua akanusa.

"Gongo tupu. Na hivi ndivyo vitafunwa vyake?"

Wakacheka, jamani, wazee wazima na Biblia makwapani. Kisha hukumu ikatoka. Jumapili atasimama mbele ya usharika na kutubu. Kabla ya hapo atamwaga gongo yote mbele yao, mpaka tone la mwisho, ya kwenye chupa ya samaki pia.

"Nitatubu kwamba nilinunua," mzee alisema. "Kumwaga siwezi. Wataoza."

"Na waoze!"

"Basi niacheni nimetengwa."

Walipotoka, Agape alipiga magoti pale pale sakafuni. Alimshika baba yake miguu, akamwomba kama mtoto. Alimkumbusha umri wake. Alimwambia Sadock ana mama mkali wa Umoja wa Wanawake, hatangoja mwezi. "Baba, ni samaki! Wanne, na mmoja ameshaharibika! Nichague mimi."

Mzee alikuwa akipapasa kifuniko kama kimekaza sawasawa.

"Wewe utapata mwingine," alisema. "Huyu hana mwingine."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomchoma Agape, maana alilisema kama mtu anayetaja idadi ya magamba. Alinyanyuka, akaenda kupika ugali, akamwekea maji ya kunawa, na kuanzia siku ile hakumwambia neno lisilo la lazima.

Sadock alikuja Jumatano. Hakuketi. Aliamkia, "Shikamoo mzee," kisha akazungumza na Agape mlangoni. Alisema mama yake hataki nyumba ya ulevi, yeye mwenyewe hana neno, lakini mama ni mama. Agape akamuuliza, "Na wewe unaamini baba yangu mlevi?" Sadock akatazama viatu vyake. "Siamini. Lakini watu wanaamini." Akaondoka, na washenga walifuata mahari yao siku ya soko, mchana kweupe, mbuzi mmoja baada ya mwingine, majirani wakihesabu kwa sauti.

Haikupita miezi miwili, Agape akiwa kwenye kwaya alisikia tangazo la kwanza la ndoa ya Sadock na Ikupa, binti wa Kinyakyusa aliyekuwa karani mwenzake kule shambani. Eliufoo alilisoma akitabasamu. Agape aliimba wimbo uliofuata mpaka ubeti wa mwisho, asikosee hata neno moja.

Jumanne yake barua ikafika.

Aliifungua palepale posta. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa mashine, kurasa mbili. Wamesoma maandishi yote. Wamelinganisha na samaki wao wote. Miiba ni saba kweli. Samaki ni mpya, na kazi ni nzuri kuliko za wengi wenye vyeo. Wanaomba atumiwe samaki mmoja mzima tu, apewe namba, na jina litachapishwa kama mwandishi alivyolitaka. Jina lenyewe lilikuwa limeandikwa katikati ya ukurasa, maneno mawili ya Kilatini, na la pili lilikuwa *agapeae*. Chini yake wakanukuu sababu aliyoiandika mzee kwa mkono: kwa binti yangu Agape, ambaye macho yake ndiyo yaliyomwona.

Alilisoma pale kaunta mpaka mtu wa nyuma akamwambia asogee. Njiani machozi hayakuja, kilichokuja ni hasira. Kaninyima nyumba, alijiambia, kaninyima watoto, kisha ananipa samaki!

Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba uani. Alimjua kwa hatua. "Imekuja?"

"Imekuja."

"Soma, mwanangu. Soma taratibu."

Agape akafungua barua. Alikuwa mwalimu, sauti yake ya kusomea haikutetereka. "Tunakushukuru kwa kazi yako," akasoma. "Tunasikitika kukujulisha kwamba samaki huyu si mpya. Alishaandikwa na Mjerumani mmoja mwaka elfu moja mia tisa na nane. Hatuhitaji kutumiwa samaki."

Kuku walikuwa wakiparua uani.

"Na miiba? Huyo Mjerumani aliiona saba?"

"Saba."

"Basi tulihesabu sawa," mzee alisema. Agape alimtazama akilia kwa macho yale meupe, na nafsi yake ikafurahi. Ndiyo, ilifurahi, kwa nini tufiche? Alikunja barua akaitia kifuani.

Alidhani atamwacha siku moja mbili aonje uchungu, kisha amwambie. Ndivyo alivyojidanganya. Lakini kesho yake alipotoka shule alikuta baraza la wazee limejaa uani, na baba yake amesimama katikati, amekumbatia chupa. Alikuwa amewatumia ujumbe mwenyewe.

"Baba, ngoja!"

"Nimekuchelewesha vya kutosha, mwanangu." Akaigeuza chupa. Gongo ikamwagika, ikanywewa na vumbi, na samaki wakaanguka wote wanne. Agape alikimbia. Kuku walikuwa karibu zaidi. Jogoo alimdona yule mkubwa kuliko wote, akamrusha, akammeza. Waliobaki wakagombaniwa na mitetea, na Agape akanyanyuka na mkono mtupu uliojaa tope linalonuka gongo.

"Bwana asifiwe!" Eliufoo akasema, na wenzake wakaitikia.

Jumapili mzee alisimama mbele ya usharika akakiri ulevi ambao hakuwahi kuulewa, akapewa mkono, akarudishwa mezani. Baada ya toba yake lilisomwa tangazo la pili la Sadock na Ikupa.

Nyumbani alikaa kwenye kiti chake cha kamba, amechoka, lakini uso umetulia.

"Nilikuwa nimempa jina lako," alimwambia. "Sikukwambia, nilitaka uje ulisome mwenyewe. Sasa naona heri ilivyokuwa. Jina lako lisingefaa kupewa kitu chenye jina la mtu mwingine." Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akaupata wa binti yake. "Ile barua unayo? Nisomee tena pale wanapotaja mwaka. Nataka kumkumbuka huyo aliyenitangulia."

Agape akaitoa kifuani, ina jasho, akaikunjua. Akaweka kidole juu ya jina lake mwenyewe ili macho yasilione.

"Mwaka elfu moja mia tisa na nane," akasoma.