Chini ya Joho la Buluu

…joho la buluu, basi, joho la buluu lenye maua ya dhahabu mgongoni, si ameshasema, atasema mara ngapi, lakini huyu mama mlinzi wa kasri bado ameishikilia redio yake mbele ya mdomo kama mtu anayesubiri maji yachemke, anamtazama Gaëtan, halafu anautazama ua, na Gaëtan naye anautazama, ua wote umejaa majoho ya buluu, watoto wamemwagika kama vifaranga waliofunguliwa tenga, wanakimbizana na panga za mbao, kila mmoja mwana wa mfalme, kila mmoja na maua yake mgongoni, na hakuna hata mmoja aliye Timéo, amewageuza mabega watatu wanne tayari, wa mwisho amelia na mama yake akamwangalia Gaëtan vibaya, "Bwana, majoho tumewavisha wote," mlinzi anasema taratibu, kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa, "chini ya joho, mwanao amevaa nini?" na Gaëtan anafungua mdomo, mdomo ambao haujawahi kukosa la kusema tangu uote meno, na mdomo unabaki wazi hivyohivyo, upepo unaingia, hakuna kinachotoka… asiharakishwe, kwani yeye mashine, amevaa, amevaa, ana miaka minne, hilo analijua, minne inakwenda mitano, nywele rangi ya majani makavu, jino la mbele limemeguka, lilimegukia kwenye baiskeli, au kwenye ngazi, mama yake, Maud, alisema ngazi, Gaëtan huwaambia watu baiskeli kwa sababu baiskeli inasikika vizuri zaidi, ya kidume, mwanangu bwana kamwaga damu na hakulia, kumbe alilia, Maud ndiye aliyekuwepo… amevaa viatu, bila shaka amevaa viatu, mtoto gani aje kasrini peku, na suruali, suruali ya rangi ya suruali… asubuhi, aanze asubuhi, mjini Joué, mlango wa Maud, gari linanguruma barabarani na Léonie, dada yake Timéo, yumo ndani tayari kwa sababu alilala kwa bibi yake akapitiwa kwanza, na Timéo anatoka amefungwa zipu ya koti mpaka kidevuni, kofia ya koti kichwani, pua tu na macho, na Maud amesimama kizingitini na soksi zake za sufi anaongea, Maud kila Jumamosi ya zamu ya Gaëtan ya kukaa na watoto anaongea, Gaëtan sikiliza, dawa ya kikohozi iko mfuko wa pembeni, karanga asile, akisema haja usimwambie angoje, na nimemvalisha ile… ile nini, ile nini Maud, hapo ndipo panapokatika, anarudi nyuma anajaribu tena, karanga asile, akisema haja usimwambie angoje, na nimemvalisha… na hapo inaingia sauti yake mwenyewe, ya Gaëtan, nene, inacheka, inamwambia Maud kwamba jana kazini ametembea juu ya ukingo wa paa la kanisa mikono mfukoni, mikono mfukoni Maud, bosi chini anapiga ishara ya msalaba, vigae vya jiwe vimelowa vinateleza kama sabuni na mimi napiga mluzi, na nyuma ya mluzi huo mdomo wa Maud unakwenda, unafunguka, unafumba, unasema rangi, unasema kitambaa, unasema kila kitu anachokitaka mlinzi huyu, na yeye hasikii, anajisikia mwenyewe tu, mpumbavu mkubwa, anapiga mluzi… "Suruali je?" anauliza mlinzi, "fulana? sweta?" na Gaëtan anasema ngoja, nakumbuka, ngoja, huku jasho linamtoka chini ya makwapa na hewa ni ya baridi, ajabu hii, mtu ambaye juu ya mnara ule pale angepanda bila kamba sasa hivi mkimtania, leo amesimama kwenye mawe bapa na suruali ya mtoto inamshinda… aliyemvua koti ni yule binti wa chumba cha mavazi, ndiyo, alimvua koti akamtupia joho, na wakati huo baba mtu alikuwa wapi, alikuwa kwenye upinde wa kizamani wa kufyatua, kamshika Léonie mkono, pisheni jamani muone fundi, na mshale wa kwanza ukaenda kwenye nyasi kavu na wa pili ukagonga ndoo, Léonie akacheka mpaka akaketi chini, baba umeua ndoo, na yeye akataka mwingine, na mwingine, aibu gani ya kushindwa mbele ya watu wa Paris, na alipogeuka Timéo alikuwa mwana wa mfalme tayari, buluu kutoka shingoni mpaka visiginoni, na alipogeuka mara ya pili hakuwepo… yule binti wameshamuuliza, amesema tangu kufungua anavisha tu, anaangalia urefu, uso na nguo haangalii, na koti la Timéo liko pale kwenye msumari, Gaëtan ameliona, mikono inaning'inia haina kitu ndani, kofia imeangukia mbele kama mtoto aliyeinamisha kichwa, na anatamani asingeliona… kuna mlio, mtoto, hapana, tausi, huyu ndege mshenzi analia kama mtoto anayezibwa mdomo, kila akilia Gaëtan anageuka, nani alisema wafalme lazima wafuge tausi…

"Mama angejua," anasema Léonie, ameshika kidole kimoja cha baba yake, hakusema kwa ubaya, kasema kama mtu anayesema mvua inanyesha, miaka saba na macho makavu, na hilo ndilo linalomtisha, halii huyu, anamsubiri baba yake, baba anayejua kila kitu, anayejua kwa nini minara ni ya duara na mfalme alikuwa anakojoa wapi, vyote alivitunga njiani kwenye gari na wao walicheka wakaamini… mama angejua, ndiyo, na mama yuko kwenye simu, na simu iko mfukoni, inamchoma pajani, kubonyeza mara moja tu, Maud atapokea, Maud hupokea sikuzote, na kitakachofuata anakiona kama anavyoliona paa likianza kubomoka, kwanza kigae kimoja, Agosti, zile wiki mbili za baharini Vendée na watoto ambazo amezipigia magoti tangu Krismasi, Maud hakukubali wala hakukataa, alisema nitaona hii Jumamosi itakavyokwenda, nitaona, kama mwalimu, halafu kigae cha pili, hizi Jumamosi zenyewe, Maud atarudi kwa jaji na safari hii hatahitaji kusema mengi, atasema alimpeleka kasrini akampoteza na hakujua amevaa nini, na jaji atamtazama Gaëtan juu ya miwani, na Gaëtan atakuwa baba wa kadi za sikukuu, baba wa mlangoni, mtu anayekuja na zawadi isiyotosha mwili kwa sababu hajui mtoto amekua kiasi gani… nyekundu, aseme nyekundu, mbona rahisi, sema fulana nyekundu, suruali ya jinzi, nusu ya watoto wa Ufaransa wamevaa hivyo, uso wa kujiamini, sauti ya kujiamini, ndivyo alivyoishi maisha yote, mwalimu akiuliza yeye ananyosha mkono kwanza halafu ndiyo anatafuta jibu, mpaka wakachokana na shule akiwa na miaka kumi na sita, na kazini bosi akiuliza umeifunga kamba anasema nimeifunga, halafu anaenda kuifunga, na hajaanguka, kamwe hajaanguka, kwa nini leo iwe tofauti, nyekundu, neno liko kwenye ncha ya ulimi, tamu… "Wasikutishe hawa wadogo," anasema mlinzi, pengine amemwona alivyobadilika rangi, "juzi tumemtoa mmoja ndani ya tanuri la mikate kalala fofofo, wana mambo hawa. Geti tumelifunga, hatoki mtu na mtoto asiye wake. Niambie, kulikuwa na kitu anakitamani? Mahali alipotaka kwenda kucheza?" na Gaëtan anataka kusema hapana, anataka kusema mtoto wangu anapenda farasi, mtoto wangu anapenda panga, na badala yake inamrudia asubuhi, darajani, kabla ya majoho, Timéo kapenyeza uso kati ya vyuma vya daraja anatazama handaki linalozunguka kasri, maji yamefunikwa na magugu yale madogo, kijani bapa kutoka ukuta mpaka ukuta, hata bata hayumo, hata jani halitikisiki, akauliza baba ile ni nyasi, na baba, fundi wa maneno, bingwa wa vichekesho, aliyeona watu wawili watatu nyuma yao wanasikiliza, akasema nyasi ndiyo, nyasi ya wafalme, laini kuliko zulia, walikuwa wanacheza mpira pale, na watu wakacheka, mzee mmoja akamkonyeza, na Timéo hakucheka, Timéo aliitikia kwa kichwa, Timéo alikuwa analiweka neno hilo akiba, tunaweza kucheza pale baba, baadaye jogoo wangu, baadaye, twende kwanza ndani…

"Majini," anasema Gaëtan, na hiyo sauti si yake, ni ya mtu mwembamba, "nilimwambia ni nyasi, yale magugu, nilimtania, nikamwambia watu wanacheza pale," na mlinzi hamlaumu, afadhali angemlaumu, uso wake unajifunga tu kama dirisha, kidole kinabonyeza redio, anamwita mtu anaitwa Bertrand, handakini, upande wa bustani, kimbia, na redio inakoroma na sauti ya Bertrand inatoka ikiwa tayari inahema, "Nakwenda. Natafuta rangi gani?" na mlinzi anamgeukia Gaëtan tena, swali lilelile, macho yaleyale, ila sasa si swali la mavazi… rangi gani, kwa sababu mtoto anayetaka kucheza mpira huvua joho kwanza, joho zito linaburuta, atalivua aliweke vizuri pembeni kama Maud alivyomfundisha, halafu, halafu Bertrand anasimama ukingoni anatafuta, na Gaëtan akisema nyekundu Bertrand atatafuta nyekundu, macho yatapita juu ya kahawia, yatapita juu ya nyeupe, yatapita juu ya mtoto wake kwa sababu ya neno moja tamu, na kwa mara ya kwanza anaona maneno yake yanakokwenda yakishamtoka mdomoni, alidhani yanaisha watu wakishacheka, kumbe yanaendelea kutembea, kumbe kuna kichwa kidogo kinachoyapokea na kuyaamini na kwenda nayo mpaka majini… neno linateremka kooni kama jiwe, nyekundu, kalimeza, linauma, "Sijui," anasema, "sijui amevaa nini, sikumwangalia," na Léonie ameachia kidole chake, hapana, hajaachia, ni yeye amevuta mkono kutoa simu, vidole vinateleza kwenye kioo, jina la Maud, anabonyeza, na Agosti inakwenda, anaiona ikienda, bahari na kila kitu, iende, na jaji na miwani yake, aende, inaita, inaita, tausi yule, mungu wangu hebu awe tausi, watoto wa buluu wanazunguka ua, mlinzi hajateremsha redio, na Maud anapokea, nyuma yake kuna maji ya bomba yanatiririka, Maud anaosha vyombo, anasema Gaëtan kulikoni, kwa ile sauti ya kuchoka kabla hajasikia, na Gaëtan hana utangulizi, maneno yake yote yamekimbia yamemwacha na haya machache, "Maud, nimempoteza Timéo. Kuna maji hapa. Niambie ulimvalisha nini," na bomba linafungwa, na Gaëtan anamsubiri amtukane, anatamani amtukane, lakini Maud anavuta pumzi na kuanza, sauti inatetemeka lakini anaanza, sweta ya manjano, ile aliyofuma mama yangu, ya manjano kama haradali, na Gaëtan anamgeukia mlinzi anasema ya manjano, na mlinzi anaiambia redio manjano, na Maud hajamaliza, suruali ya kahawia, kiraka gotini, kiraka cha kondoo, alikitaka mwenyewe, soksi haziendani kwa sababu hataki ziendane, na shingoni ana alama ya mkwaruzo, paka wa jirani, Alhamisi, hakumwambia mtu mpaka alipoogeshwa, usiku siku hizi hataki taa izimwe Gaëtan, anasema gizani anapotea, na hayo si ya Bertrand tena, hayo hayatafuti mtu, Maud mwenyewe anajua, amesita, anataka kumwuliza kitu, na Gaëtan amesimama katikati ya ua, simu imemgandamiza sikio mpaka linauma, redio haijajibu bado, anasema, "Endelea. Usiache, Maud, endelea kuniambia."